Gitari ya Kanisa kwa Mama Katungu

Musinicheke, lakini mwaka wa elfu mbili, hapa Butembo, usiku tulikuwa tunaufanya muchana. Basoda balikuwa bamekata: saa kumi na mbili ya magaribi kila mutu akuwe kwake, la sivyo risasi. Sasa orchestre itapiga saa gani? Njo miye, Katungu, mwenye buvette, kibanda ya pombe, nikafunika madirisha na mablanketi, nikawasha taa saa nane ya muchana. Batu banaingia, banasema "bonsoir, mama", na inje jua inawaka kabisa!

Saa yetu ilikuwa kengele ya paroisse, kanisa yetu Bakatolika. Ikilia magaribi, ngoma inanyamaza hata katikati ya wimbo, kila mutu anakimbia. Saa za mukono, basoda balizipenda sana, hakuna aliyebaki na yake.

Gitari ilipigwa na Zacharie. Zamani alikuwaka anapeleka chumvi na sabuni Kamango na kinga yake, baiskeli ya mizigo. Vita ikafunga barabara, kinga ikanyanganywa, akabaki na mikono na sauti. Siku ya Mungu anaongoza korali ya Baprotestanti, siku ya posho, jumamosi, anapiga kwangu, na gitari ile ile ya kanisa, juu ni yeye aliitunza nyumbani. Siye Bakatolika tunakunywa kasikisi yetu ya ndizi bila shida. Kwao, mutu wa korali akionekana kwenye pombe, anatengwa. Na posho ile, kesho yake pasta angesoma tangazo la tatu la ndoa yake na Gracieuse, binti ya muzee wa kanisa, Syauswa, mwenye kukaa nyuma ya ukuta wa lupango yangu! Bahati, batu balisema muzee ni kiziwi.

"Zacharie, weye kichwa nguvu! Pumzika leo tu."

"Mama Katungu, ndoa inaomba pesa ya kitenge. Kengele ikilia, natokea mulango ya nyuma."

Kengele haikulia. Nilitoka kumwanga maji, nikaona nyota. Ee Mungu wangu! Kumbe muchana risasi zililia upande wa barabara ya Beni, mupiga kengele akakimbia, na siye na ngoma yetu hatukusikia kitu. Nikarudi ndani mbio kusema, lakini nyuma yangu buti zilishafika. Basoda bakagonga.

"Munafanya nini humu?"

Bikombe bya kasikisi bikaingia chini ya mabenchi. Zacharie akasimama.

"Ni veillée, chef, mukesha wa maombi. Tunaombea amani."

"Basi muombe, nisikie."

Akaanza wimbo wa korali. Tukaufuata, balevi na bazima. Kahongya wa ngoma, mutu asiyejua hata mulango wa kanisa, akalia machozi. Mukubwa wa basoda akavua kofia, akasema: "Mutatoka asubuhi. Nikipita nisikie kimya, nitajua mulinidanganya."

Njo tukaimba. Sauti ya Zacharie, kartie nzima inaijua. Nikamunongoneza: "Muzee akisikia, Gracieuse umemupoteza."

"Najua, mama. Nikinyamaza, hawa batu batakufa."

Nilimupenda saa ile sawa mutoto wa tumbo yangu. Aliimba mupaka kukacha, sauti ikawa ya mutu wa kikohozi.

Asubuhi sikuenda misa. Nilikwenda kwa Baprotestanti, mara ya kwanza katika maisha yangu, nikakaa nyuma. Pasta akasoma tangazo. "Mwenye kizuizi, aseme."

Muzee Syauswa akasimama. Gracieuse akainamisha kichwa. Zacharie, macho mekundu, gitari kwenye magoti, akaangalia biatu byake.

"Miye si kiziwi sawa munavyosema," muzee akaanza. "Jana kutoka muchana nilisikia gitari ya kanisa ikipiga mambo ya dunia. Nikakasirika sana. Nikasema, kukicha nitavunja ndoa hii. Kisha nikasikia buti. Kisha nikasikia wimbo zetu, mupaka asubuhi. Nami nilikuwa nyuma ya ukuta, naimba bas, ile sauti nzito, pole pole."



"Kizuizi sina. Gitari itakaa kwangu sasa. Na mumupatie huyu kijana chai, sauti imemukauka."

Gracieuse akainuka kwenda kuleta chai, pasta hajasema hata amina.