Mabenchi Yaliyonata

Fundi aliyetengeneza mabenchi ya kanisa letu pale Sikuda alinunua rangi kwangu. Watu wa Sikuda hawakulijua hilo kwa karibu miezi miwili. Mimi nililijua kila siku.

Nilikuwa nauza katika duka la shangazi yangu la vifaa vya ujenzi, Busia, upande wa Uganda. Shangazi alikuwa akisafiri mara kwa mara kufuata mali Kampala, kwa hiyo kaunta ilikuwa mikononi mwangu. Saruji na misumari sikuvipenda sana, lakini rangi nilizipenda. Mafundi walikuwa wananiuliza kabla ya kuchagua, na mimi nilipenda kuulizwa kuliko ilivyofaa.

Huyu fundi alikuwa mzee kutoka kijiji cha Kwapa, mwembamba, mwenye sauti ya chini. Alikuja alasiri moja na kipande cha ubao wa paini ndani ya gunia. Akakiweka mbele yangu, akabonyeza kwa kidole gumba pale penye jicho la mbao, lile duara jeusi ambapo tawi lilikuwa limeota. Kidole kikatoka kinang'aa.

"Unaona, binti yangu? Bado inatoa utomvu. Hii miti walikata Kirewa juzi tu. Lakini kanisa inataka mabenchi kabla ya kipaimara, hawawezi ngoja ikauke. Sasa nipe sheleki. Naziba macho yote mara mbili, ndiyo nipake rangi ya mafuta."

Sheleki ni vigamba vya kahawia, vyembamba kama maganda ya kitunguu, ambavyo fundi huviyeyusha kwa spiriti. Ikikauka juu ya jicho la mbao, utomvu haupiti. Mzee alijua anachokitaka. Shida ni kwamba sisi hatukuwa nayo. Ilikuwa imekwisha wiki iliyotangulia.

Duka moja ng'ambo ya mpaka, mwendo wa dakika kumi kwa miguu, lilikuwa nayo. Nilijua. Nilijua pia kwamba akivuka kwenda kununua sheleki, atanunua huko huko na rangi, na msasa, na brashi za mabenchi yote ishirini. Lakini nikisema kweli, hata hiyo haikuwa sababu kubwa. Sikupenda tu kusema sina.

"Sheleki imekwisha, mzee," nikamwambia. "Chukua hii sila. Inafanya kazi ile ile, tena inakauka haraka."

Sila ni ile dawa ya maji maji ambayo mafundi hupaka juu ya mbao ngumu kuziba vitundu vidogo kabla ya vanishi. Mzee alilishika kopo, akanyoosha mkono mbali na macho ili asome maandishi, akashindwa.

"Hata kwa paini?"

"Hata kwa paini."

"Basi. Wewe ndiyo unajua."

Sikujua. Sikuwa nimewahi kuona mtu akiipaka juu ya paini mbichi. Nilimfungia makopo na rangi ya mafuta ya kahawia iliyoiva, ile ambayo wazee wa kanisa walikuwa wameichagua ili isionyeshe uchafu, na nikamsindikiza hadi mlangoni.

Mabenchi yalifika kanisani yakiwa yanang'aa. Siku ya kipaimara ilikuwa ya mvua, kuna baridi, na kila mtu aliyasifu. Mzee alikaa kwenye benchi la nyuma kabisa, mikono juu ya magoti, mke wake pembeni. Nilimpungia mkono.

Kisha jua likaja. Kanisa letu ni la mabati matupu, halina dari, na mwezi wa kwanza ukiingia, ibada ya pili ni kama kukaa ndani ya tanuri. Jumapili hiyo, tuliposimama kwa ajili ya Injili, nilisikia sauti ya vitambaa vikibanduka, huku na huku, halafu sauti moja ya kitambaa kikichanika. Mbele yangu alikuwa mjane mmoja wa pale Sikuda, amevaa gauni refu la gomesi, jipya, la hariri. Yeye alikuwa amesimama, na kipande cha gomesi kilikuwa kimebaki kwenye benchi.

Watoto walicheka. Sketi yangu pia ilikuwa imenata. Nilipitisha mkono juu ya ubao nikakuta donge laini, la manjano, lenye harufu ya msitu. Kuzunguka kila jicho, rangi ilikuwa imevimba na kupasuka. Nilielewa pale pale, nikiwa nimeshika kitabu cha nyimbo kwa mkono wenye ulimbo.

Wiki hiyo maneno yalienea. Fundi alinunua mbao zilizokataliwa. Fundi alikula hela ya kanisa. Katekista akaitisha kikao Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, na mzee akaja kutoka Kwapa amevaa koti lake. Alisikiliza wote mpaka mwisho, kisha akasimama.

"Mbao nilichagua mimi. Rangi nilipaka mimi. Kosa ni yangu."

Akaketi. Nilikuwa mabenchi manne nyuma yake. Nilingoja ataje duka, nilingoja ageuke anitazame, hata nilitamani afanye hivyo ili yaishe. Hakugeuka. Kikao kilipofungwa nilitoka kwa mlango wa pembeni.

Baada ya siku chache, fundi mwingine aliyekuja kununua misumari alinisimulia akicheka kwamba shule moja ya kule Kwapa, iliyokuwa imemwahidi mzee kazi ya madawati, imempa mtu mwingine. "Nani atakaa kwa ulimbo?" akasema. Nilimhesabia misumari yake vibaya, ikabidi nirudie.

Muuzaji wa jumla alipopita na gari la rangi nilimwuliza, kana kwamba ni jambo la kawaida tu, kama sila inaweza kuzuia utomvu wa paini. Akanitazama kwa mshangao. "Haiwezi. Nani alikudanganya?"

Nilikaa na hilo wiki nyingine tatu. Nilijiambia shangazi atanifukuza. Nilijiambia mzee mwenyewe angepaswa kujua, yeye ndiye fundi. Kila mteja aliyetaja paini nilimwogopa.

Mwishowe nilifunga duka saa ya chakula, nikavuka mpaka kwa miguu, nikanunua sheleki na spiriti kule kule ambako ningemwelekeza tangu mwanzo. Nikapanda boda mpaka Kwapa. Mke wa fundi alinikaribisha, akanipa maji na karanga, bila kujua nimefuata nini. Mzee alikuwa kwenye banda lake, anabana mguu wa kigoda.

Nilisimama tu, karanga mkononi. "Mzee, ile sila haikuwa dawa yake. Sikuwa nayo sheleki, nikakudanganya."

Aliendelea kubana mpaka gundi ikatoka kwenye kiungo, akaifuta kwa kitambaa.

"Najua," akasema. "Nilienda kuuliza Tororo, wiki ile ile ya gomesi."

"Ulijua siku ya kikao?"

"Nilijua."

"Mbona hukusema?"

"Wewe ulikuwa pale. Nilikuwa nangoja wewe."

Mkewe alikuwa amesimama mlangoni na jagi la maji. Alikuwa amesikia yote. Aligeuka akarudi jikoni, na sikumwona tena siku ile.

Nilimwonyesha mzee mfuko wa sheleki. Hakuugusa. "Kwangu usilete pole," akasema. "Mimi si wa kuambiwa. Waambie wao."

Jumapili iliyofuata, baada ya matangazo, niliomba nafasi. Nilisema nilichouza na nilichokijua, kwa maneno machache, maana mengi yasingetoka. Mjane wa gomesi ndiye aliyeuliza, tena bila kupandisha sauti: "Na wewe ulikaa hapo siku zote hizo, unatuangalia tu?"

Nikasema ndiyo.

Shangazi aliporudi kutoka Kampala alikuwa ameshaambiwa. Hakunifukuza. Alitoa rangi na msasa kutoka dukani, akaniambia kazi nitafanya mimi, na kwa muda mrefu aliongea nami ya duka tu. Jumamosi tatu nilikuwa kwenye uwanja wa kanisa pamoja na mzee. Tulikwangua rangi yote. Tulianika mabenchi juani ili utomvu uliokuwa karibu na uso wa mbao utoke, tukaukwangua kwa kisu, tukafuta kila jicho kwa spiriti mpaka kitambaa kikabaki kikavu. Kisha sheleki, nyembamba, ikauke, tena sheleki. Kisha rangi ya kwanza ya mafuta, na juu yake rangi ya maziwa, kwa sababu rangi iliyoiva huvuta joto, na joto huvuta utomvu. Mzee alinionyesha kila hatua kwa utulivu, kama anavyomfundisha mtu yeyote.

Mabenchi kumi na nane yalipona. Mawili ya upande wa magharibi, panapopigwa na jua la alasiri, yaliendelea kutoa jasho la manjano, yakapelekwa nje penye kivuli. Kazi ya madawati haikurudi. Watu wengi wa kule Kwapa hawakuwahi kusikia nilichosema kanisani. Walichosikia ni habari ya ulimbo, na hiyo ndiyo wanayoikumbuka mpaka leo.

Siku hizi mzee hununua rangi Tororo. Mwezi uliopita nilikutana nao, yeye na mkewe, sokoni Busia, penye wauza dagaa. Alinipa mkono, akaniuliza hali ya shangazi. Nikageuka nimpe mkono mkewe. Alikuwa ameshika kikapu chake kwa mikono yote miwili, na hakukiachia.