Mishumaa Ishirini ya Mama Tambi

Katika kiwanda cha mishumaa walimwita Mama Tambi, kwa kuwa hakuna aliyepitisha tambi, nyuzi za mishumaa, kwenye kalibu ya kumiminia nta upesi kama yeye. Miaka kumi na tisa alisimama kwenye meza ileile, akisikia waliokuja jana wakisifiwa kwa kazi aliyowafundisha yeye. Shule aliiacha darasa la pili. Au tuseme aliachishwa, ili kaka yake aendelee. Kaka akaendelea kweli, akaendelea mpaka hata kusalimia hakurudi.

Ijumaa mkaguzi mpya alifika mezani kwake, akachomoa mishumaa ishirini, akakuta mitano utambi wake umekwenda kombo. Kiwandani kinachovumiliwa ni mmoja kati ya kumi.

"Mama, mkono umechoka," alisema mbele ya watu. "Jumatatu njoo uchukue barua yako ya kuachishwa kazi."

Jumamosi asubuhi Mama Tambi alimsimulia binti yake, aliyekuwa kidato cha mwisho na ametandaza madaftari yake ya takwimu kwenye meza nzima ya jikoni. Binti akaruka.

"Mama, hili ndilo swali tunalofanya darasani! Yule mkaguzi nitamkalisha chini."

"Mkalishe, mwanangu. Mimi nimesimama vya kutosha."

"Sikiliza. Tunaanza kwa kuchukulia kwamba huna kosa, unaharibu mmoja kati ya kumi kama kawaida. Halafu tunauliza: mtu wa namna hiyo, katika mishumaa ishirini, ataangukiwa na mibaya mitano au zaidi mara ngapi? Ikiwa ni chini ya mara tano katika mia, hatuamini tena kuwa ni bahati mbaya."

"Kumbe kuna mahali mtu anaanza kwa kuonekana hana kosa," mama alisema, akimenya vitunguu. "Mngewaalika na wakwe zangu."

Binti akacheka, akainama. Akajumlisha uwezekano wa kukosa mbaya hata mmoja, wa kupata mmoja, wa miwili, mpaka wa minne, akaitoa jumla yake kwenye moja. Akabofya kikokotoo. Akabofya tena. Akasukuma kikokotoo kando.

"Sema."

"Mara nne na kidogo katika mia."

"Ndiyo kusema?"

"Ndiyo kusema... mkaguzi ana haki."

Kisu kilisimama kwenye kitunguu. Mama Tambi alikwisha kukanwa na wengi, lakini si na daftari alilolinunua mwenyewe.

"Hebu rudia hayo mnayoyachukulia mwanzoni. Yote, usiruke."

Binti akasoma kwa sauti ndogo kwamba kila mshumaa uwe peke yake, kuharibika kwa mmoja kusihusiane na mwingine.

"Nani kasema?"

"Kitabu."

"Kitabu kimewahi kumimina nta?" Alifuta mikono, akapanga vikombe vitano mstari mmoja, akalaza uzi wa kushonea juu yake. "Kalibu ina mistari minne, kila mstari matundu matano. Sikati utambi kwa kila tundu. Uzi mmoja unapita yote matano, mwisho nafunga fundo. Fundo likilegea, unaharibika upi?"

"Yote mitano."

"Na yule bwana ishirini yake aliichomoa kwenye kalibu moja."

Binti alijipiga kofi kwenye paji la uso. "Kwa hiyo si makosa matano, ni moja! Mama, nimekokotoa vizuri swali la watu wengine. Angechukua mmoja mmoja, kalibu ishirini mbalimbali."

Jumatatu, mkaguzi alipompa barua mezani kwake, Mama Tambi hakunyoosha mkono kuipokea. "Bosi, chagua tena kwanza. Kalibu ishirini, kila moja mshumaa mmoja."

"Kwani mkaguzi ni wewe?"

"Hapana, baba. Mimi ni mfunga fundo."

Wanawake wa meza za jirani wakaangua kicheko. Mkaguzi, uso umemshuka, akaanza kuchomoa. Wa saba ulikuwa kombo. Wa kumi na mbili, kombo. Wa kumi na tisa, kombo.

"Mitatu!" alisema. "Ilitakiwa miwili."

Hilo Mama Tambi alikwisha kulikariri na binti yake. "Hata mkono mzima hupata mitatu au zaidi mara thelathini na mbili katika mia. Kapime meza yoyote hapa."

Mkaguzi akazitazama meza nyingine. Wenye meza wakatazama kucha zao. Akaichana barua, akaandika nyingine palepale, akampa.

"Nisomee."

"Inasema unabaki."

"Kwa sauti, bosi, kama ulivyonisema Ijumaa."

Akasoma, na kiwanda kizima kikasikia. Samahani haikuwamo. Mama Tambi alisubiri kidogo, pengine imeandikwa nyuma ya karatasi. Kisha akafunga aproni, akavuta kalibu nyingine.