Vikapu Vilivyomrudia Atu

Usiku ule nilipanda kitandani na raba zangu miguuni, kwa hasira tu. Kesho yake ilikuwa mahafali ya chuo chetu cha ualimu, na mimi, nahodha wa timu ya wasichana ya mpira wa kikapu, nilitakiwa kusimama mbele ya wageni nisome majina ya vinara wetu wa mwaka: wa pointi, wa ribaundi, ile mipira inayodakwa ikikosa goli, na wa asisti. Baada ya hapo yangeandikwa kwa rangi kwenye ukuta wa bwalo. Wa pointi nilikuwa mimi mwenyewe. Wa asisti alikuwa Atu, tena kwa mbali, hata wapishi walijua. Lakini Atu alifariki kwa homa wakati wa likizo fupi, tukaenda kumzika kwao Makete tukiwa na jezi zetu mwilini, na Mwalimu wa michezo akaona kwamba nafasi imebaki wazi.

"Mgeni rasmi atampa mkono nani?" aliniuliza mchana, bwaloni. "Atampa marehemu?"

Nikamwambia mama yake Atu anakuja kwenye mahafali, atapokea yeye.

"Kwani mama yake alicheza?"

Alisema vile huku anachokonoa meno kwa njiti ya kiberiti. Nilitamani kutema mate pale pale sakafuni. Akaniagiza nisome jina la Violeth, mwenzetu anayelala kitanda cha chini yangu, ambaye baba yake na Mwalimu ni marafiki wa kufa na kuzikana. Wiki nzima Mwalimu alikuwa ameshalitembeza jina hilo ofisi kwa ofisi. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza.

Na njia walikuwa wameshamtengenezea. Mechi ya mwisho, baada ya kumzika Atu, tulicheza na chuo kidogo kilicholeta wasichana watano tu, hawana wa kubadilisha, na mmoja wao raba za kuazima zinamvuka kila akikimbia. Mtu mwenye haya angepunguza mwendo. Mwalimu akasimama pembeni anapiga kelele kwamba mpira upitie kwa Violeth, na kila alipougusa, hata ulipomponyoka, akaamuru iandikwe asisti. Asisti ni pasi inayozaa kikapu. Siku ile hata kupiga chafya kulizaa. Wale watoto wa watu walihema, wakalia, na timu yangu ikawa inafunga na kucheka. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni, ndivyo tulivyolelewa. Sisi tulimnyonga mnyonge ili tupate cha kumnyang'anyia aliyekufa.

Nilitoka bwaloni bila kumjibu Mwalimu. Usiku nikajifunika blanketi hadi kichwani, na sijui usingizi ulinichukua saa ngapi.

Nilijikuta bwaloni tena. Bwalo ni lile lile, ila goli limetundikwa juu ya masufuria ya maharage, na timu nzima imekaa mezani. Mbele ya kila mmoja kuna mpira kwenye sahani. Wanakula. Wanaing'ata ile ngozi kwa magego, upepo unatoka fyuu, wanatafuna, wanajifuta midomo kwa jezi. Violeth ana sahani mbili. Mwalimu anapita na upawa, anaongeza.

"Kuleni pointi zenu," anawaambia.

Harufu ya mle ndani, ya raba iliyochemka na jasho la juzi, ikanipanda puani nikaziba kwa kiganja. Hakuna aliyemmegea mwenzake. Nikageuka nitafute mlango, na mlango haukuwepo, wala bwalo halikuwepo.

Sasa niko kwenye uwanja wetu, ule wa saruji iliyopasuka karibu na mikaratusi, na ukungu wa Njombe umekaa chini kabisa. Atu amesimama katikati. Amevaa jezi tuliyomzika nayo, miguu yake ina vumbi, na nywele ni zile zile alizosuka siku ya kuondoka kwenda likizo. Yeye simwogopi. Ninachoogopa ni mpira alioushika, kwa sababu bibi yangu alinikanya tangu utoto: marehemu akikupa kitu ndotoni usipokee, maana ni safari anakupa.

Akanirushia. Ilikuwa ile pasi yake ya chini, inayodunda mara moja na kukufika kiunoni kabla hujaiomba. Nikaficha mikono nyuma. Mpira ukanipita, ukagonga mti, ukatulia kwenye majani.

Atu ananitazama. Hana hasira. Ndivyo alivyokuwa akinitazama nilipokosa goli la wazi, kama mtu anayesubiri uji upoe.

"Pasi isiyopokelewa haihesabiwi," akasema.

Nikasikia brashi ikikwaruza. Palipokuwa na miti pana ukuta, na Mwalimu yuko juu ya ngazi anapaka chokaa juu ya jina la Atu. Herufi ya kwanza ikapotea. Papo hapo wavu wa goli ukatikisika bila mtu kurusha, mpira ukachomoza juu, kinyumenyume, ukapanda hewani na kushuka hadi kwenye vidole vyangu huko mgongoni, ukavigusa ukiwa wa moto, kisha ukaniacha ukarudi mikononi mwa Atu. Nikakitambua kile kikapu. Kilikuwa cha mechi ya kwanza ya mwaka, tulipokuwa nyuma, naye akanipasia akiwa ameshaanguka chini, goti linatoka damu.

Kikafuata kingine. Na kingine. Kila Mwalimu anapopitisha brashi, wavu unatapika mpira, na mpira unapita kwangu bila kusimama, unakwenda kwake. Kile cha mvuani. Kile cha siku niliyobebwa mabegani uwanja mzima, yeye akabaki nyuma anaokota chupa zetu za maji. Anavipokea, anaviweka chini karibu na miguu yake, polepole, wala havihesabu.

"Atu! Hivyo ni vyangu!" nikapiga kelele.

"Vyako? Ulivifunga kwa pasi ya nani?"

Nikautazama ukuta. Jina langu, ambalo hakuna aliyeligusa kwa brashi, limeanza kupauka lenyewe. Mwalimu akashuka kwenye ngazi, akailamba ile brashi yenye chokaa, akaniambia ni tamu, nionje. Nikajiona nitasimama kesho mbele ya mama wa Atu, nimechana nywele, nimepaka mafuta, natamka uongo kwa sauti nzuri, halafu nampa mgeni mkono huu huu. Nilijichukia kwa jambo ambalo nilikuwa bado sijalitenda.

Nikatoa mikono mgongoni. Bibi anisamehe.

"Nipe," nikamwambia.

Hakurusha. Alikuja mwenyewe, taratibu, akaniwekea mpira viganjani, na ulikuwa wa baridi kama maji ya bomba alfajiri. Akainama karibu na sikio langu.

"Ukinifuta mimi, jifute na wewe."

Nikaamka mikono imenyooka juu ya blanketi. Nje kumepambazuka, kengele ya asubuhi inalia, na wenzetu wameshakwenda kuoga. Violeth amebaki. Amekaa kitandani kwake na kanga kifuani, anajipaka mafuta miguuni, na gauni lake jipya limetundikwa dirishani.

"Sekela, umenitia baridi," akasema. "Ulikuwa unamwita Atu. Alikuja?"

"Alikuja."

"Mungu wangu. Alisema nini?"

Nikamweleza neno kwa neno. Nikamwambia pia kwamba nikisimama pale mbele nitasoma jina la Atu, nitamwita mama yake aje apeane mkono na mgeni, na Mwalimu akinizuia, basi jina langu nalo lisipande ukutani. Wauache mtupu. Au Mwalimu aandike la kwake, kama anapenda sana vya wafu.

Violeth alifunika kopo la mafuta. Nilimhurumia, ila si sana. Kisha akauliza kwa sauti ndogo, bila kuniangalia:

"Na mimi je? Kuhusu mimi alisemaje?"

"Hakukutaja."