Mhina na Uwanja wa Kwamlela

Ukimuuliza mtu wa Kwamlela, kijiji kilicho kando ya njia ya Korogwe kwenda Handeni, timu yao ya mpira ilikufaje, atakwambia iliponzwa na Mnyamwezi. Ukimuuliza Mhina, aliyekuwa nahodha na golikipa, atakohoa kwanza, kisha atakuuliza habari za nyumbani kwenu.

Timu iliitwa Umoja, nayo ilizaliwa mwaka uliofuata Uhuru, siku zile ambazo watu waliamka kila asubuhi wakiwa na chama kipya. Vijana wa Kizigua wa kijijini walikuwa na ardhi ila hawakuwa na mpira. Vijana wa kambi ya mkonge, ambao baba zao waliletwa kutoka Tabora kukata katani, walikuwa na mpira ila hawakuwa na pa kuuchezea. Wakaunganisha shida zao. Mhina na wenzake walifyeka kichaka na kung'oa visiki kiangazi kizima, na watu wa kambi wakasuka nyavu za katani. Zilikuwa nyavu za kuchubua ngozi, wala Mhina hakuacha kujivunia makovu yake.

Kambi ndiyo iliyomtoa Yordani, senta fowadi. Yordani alikuwa Mnyamwezi, na Wanyamwezi na Wazigua ni watani tangu enzi za misafara. Mgeni asiyejua utani angedhani wale wawili wana kesi mahakamani. Yordani aliweza kuingia kwa Mhina, akafunua chungu, akachomoa mnofu na kuula wima huku akilalamika chumvi haitoshi. Mwaija, mke wa Mhina, alicheka tu. Mhina naye alimvua Yordani kofia siku ya Krismasi, akatembea nayo mpaka Mwaka Mpya. Mtani hanuniwi. Mkishaanza kuheshimiana, basi mmekuwa watu baki.

Ukaja mwaka wa Kilimo cha Kufa na Kupona. Mvua zilikuwa zimetunyima, watu wanakula mahindi ya njano ya msaada, na Kwamlela kilikuwa kijiji cha ujamaa kama vingine. Lakini Umoja walikuwa wameingia fainali ya kombe la mkoani kwetu huku, dhidi ya Kilole, na kwa mara ya kwanza fainali ingechezwa Kwamlela. Akina mama walishaanza kugombana nani awapikie wageni.

Kabla ya siku hiyo ukaitishwa mkutano wa kijiji. Alikuja mgeni wa siasa, kijana mtaratibu kutoka mbali, akaeleza kwamba kila kikundi sharti kiwe na shamba.

"Na hii timu ya mpira," akauliza, "shamba lake liko wapi?"

Yordani akasimama.

"Ndugu mgeni, usiwasumbue Wazigua kwa habari za jembe. Hawa jembe wamelionea kwetu."

Watu wakacheka. Sasa Mzigua gani angenyamaza? Mhina akajibu papo hapo.

"Huyu Mnyamwezi ana njaa, Ndugu mgeni. Mpeni uwanja wetu alime, ashibe, pengine ataacha kufunua vyungu vya wake za watu!"

Kicheko kikapanda mpaka wazee wakafuta machozi. Kila mtu alijua ule ni utani, isipokuwa mgeni, ambaye hakuwa mtani wa mtu yeyote pale. Aliinuka akipiga makofi.

"Mmesikia? Nahodha mwenyewe anautoa uwanja! Huyu ndiye mjamaa wa kweli. Njoo mbele, ndugu, watu wakuone." Kisha, tumtendee haki, akauliza: "Unautoa kwa hiari yako?"

Hapo ndipo palipokuwa pa kusema, "Hapana, Ndugu, nilikuwa namtania mwenzangu." Watu wangecheka tena na mambo yangeisha. Lakini Mhina aliuona mkono wa mgeni umenyooshwa, akawaona na wakubwa wa kijiji, ambao hawakuwahi kumpigia kofi hata alipookoa penalti, wanapiga makofi. Kifua kikamjaa.

"Kwa hiari, Ndugu," akasema.

Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Huyu wetu alilimwaga lote.

Trekta lilikuja kabla ya fainali. Mchezo ukahamishiwa Kilole, wachezaji wakaenda nusu yao, na waliokwenda hawajakubali mpaka leo kutaja walifungwa ngapi. Mahindi nayo yaliota kwenye ardhi ile iliyoshindiliwa kwa miguu, yakafika magotini, yakakauka.

Baada ya uwanja kwenda na mahindi kwenda, watu wakatafuta wa kumlaumu. Waliokaa nyuma siku ya mkutano walikuwa wamemsikia Yordani akianza, lakini ile "kwa hiari" ya Mhina ilimezwa na makofi, wakadhani alilazimishwa. Ni rahisi kumlaumu mtoto wa kambi, asiye na kaburi la babu kijijini. "Mnyamwezi katuponza," wakasema kisimani, wakasema dukani, wakasema hata barazani kwa Mhina, naye ameketi hapo hapo anasikia.

"Baba Hajira," Mwaija alimwambia, "waambie watu ni wewe uliyekubali."

"Nitawaambia mkutanoni."

Mkutano ukaja, Mhina akasimama, akazungumzia mbolea. Mwingine ukaja, akazungumzia nguruwe pori. Si kwamba alimchukia Yordani. Aliona haya, na kila aliponyamaza haya ikaongezeka, na ilivyoongezeka ndivyo mdomo ulivyozidi kuwa mzito. Yordani hakujitetea. Alikuwa akimtazama Mhina katika kila mkutano, akingoja. Mwishowe akafunga virago, akahamia Kilole na familia yake. Umoja haikucheza tena.

Vita vya Uganda vilikuja vikaisha, kisha mama yake Mhina akafariki. Katika msiba wetu mtani ana kazi yake: huziba njia ya kaburini, humkejeli marehemu na wafiwa, mpaka wenye machozi wacheke. Mhina alituma habari Kilole. Akaomba moyoni Yordani aje amwaibishe mbele ya kadamnasi. Aseme, "Lindeni kaburi hili, huyu asije akaligawa likalimwa!" Watu wangecheka, naye Mhina angepata pa kuanzia, angesema kweli yote, haya ingemtoka.

Yordani alikuja kabla ya maziko, shati jeupe, mvi kichwani. Watu wakampisha, wengine wameshaanza kutabasamu. Akaenda moja kwa moja kwa Mhina, akainama kidogo, akampa mkono.

"Pole sana, Bwana Mhina. Mungu awape subira."

Mhina akaung'ang'ania ule mkono. "Wee Mnyamwezi," akasema, "umekuja kutuibia sanda?"

"Hapana, bwana," Yordani akajibu kwa upole. "Nimekuja kuzika."

Akautoa mkono wake taratibu, akaenda kuketi pamoja na wageni waliotoka mbali. Mhina akaangua kilio mbele za watu, na wazee wakatikisa vichwa wakasema, kweli, mama ni mama.