Kidonda cha Baba Mdogo Liberatus

Baba mdogo Liberatus anagema ulanzi, pombe ya mianzi, bondeni, upande wa chini wa Ipogolo. Msimu wa mvua anapita kwenye mianzi asubuhi na jioni. Anachonga ncha ya kila chipukizi, kipande chembamba kama karatasi, halafu anarudisha mbeta, kile kikopo cha mwanzi cha kukingia utomvu. Asipochonga, ncha inajifunga, utomvu unakata. Hata Jumapili anachonga kwanza, ndiyo anakwenda misa.

Januari hii kisu kiliteleza kikamchana muundi. Akapaka ugoro, akafunga kitambaa, akakataza kisifunguliwe, maana kidonda kikifunguliwa kinaingia baridi. Huku kwetu wengi wanaamini hivyo. Wiki tatu zikapita. Mama mdogo Eveline, mkewe, analala naye chumba kimoja na hakusema kitu. Mimi nakula nao, nami sikusikia harufu yoyote. Ila kilabuni niliona watu wanasogeza benchi. Siku moja mzee Adrian akauliza mbele ya wote, "Liberatus, umeweka panya mfukoni?" Wakacheka. Baba mdogo akacheka pia, lakini siku ile aliondoka mapema, na kesho yake mama mdogo akamburuza zahanati.

Tabibu Edmund alifungua kitambaa, akakiinamia kidonda.

"Baba, nakupa siku kumi. Kila asubuhi uje tuoshe na kukwangua huu uchafu. Ukikataa, naandika barua ya hospitali kubwa, na huko wataongelea kukata mguu."

"Kukwangua kila siku si ndiyo mnakizidisha! Kiacheni. Mwili una askari wake."

"Askari wapo, wamejaa humo humo. Shida hawasikii." Akamgeukia mama mdogo. "Mama, wewe ulisikia harufu ya huu mguu?"

"Sikusikia, mwanangu."

"Na wa kilabuni?"

Akaangalia chini. "Walisikia."

"Pua yako ni nzima, imezoea tu. Sasa, chembe nyeupe za damu, hao askari wako, nazo zina vipokezi juu ya ngozi yao, kama pua ndogo ndogo. Vidudu vikiingia, kidonda kinatoa kemikali. Chembe zinafuata kule kemikali inakozidi, mpaka zinamkuta adui. Lakini kemikali ikijaa kila upande, siku nyingi, chembe inavivuta vipokezi vyake ndani. Inasimama palepale, haijui iende wapi, na adui yuko hatua moja. Tukiosha, kemikali inapungua, vipokezi vinarudi juu."

Baba mdogo alikaa anaangalia mguu wake kama wa mtu mwingine.

"Kwa hiyo nimekiacha kikajifunga, kama mwanzi usiochongwa."

"Mwanzi siujui, mimi mtu wa Chunya."

"Daktari gani wewe, ulanzi unakunywa na hujui unavyotoka!"

Edmund akacheka. Baba mdogo akanyoosha mguu. "Haya, kwangua. Ila usinihurumie. Anayechonga kwa huruma hapati kitu."

Siku za kwanza aling'ata kofia yake mpaka ikachanika ukingo. Zahanati inafungua asubuhi, saa zilezile za mianzi, na mguu ulikuwa haumpeleki bondeni. Mianzi mingi ikajifunga katikati ya msimu. Hakulalamika, ila jioni alikuwa anakaa mlangoni ameelekeza uso kule chini kwenye mianzi.

Siku ya sita mama mdogo alipolegeza kitambaa nyumbani aliruka nyuma, kaziba pua. "Yesu wangu! Baba, kumbe unanuka hivi!" Baba mdogo akatabasamu kama aliyesifiwa. "Pua yako imerudi," akasema.

Siku ya kumi Edmund aliminya pembeni mwa kidonda. Ikatoka damu safi, na chini nyama ilikuwa nyekundu. Karatasi ya barua ilikuwa tayari mezani. Akairudisha kwenye droo.

"Mguu unabaki. Lakini hatujamaliza. Kesho uje."

"Kesho niende nikaone mianzi iliyobaki, hata miwili mitatu."

"Atakuja," mama mdogo akasema, akimshika mkono kumwinua. "Saa mbili atakuwa hapa."

Baba mdogo akavaa kofia yake iliyochanika, akamfuata.