Baba Yake Mtupu

Fundi vioo yule walimwita Fotokopi, na jina halikumwonea. Alikuwa baba yake mtupu: pua ile ile, masikio yale yale ya kuchomoza, hata kale kakikohozi kabla ya kuanza kusema. Kwa watu wengine angesifiwa. Kwao walimtazama, kisha wakainamisha macho.

Maana ugonjwa wa ukoo wao ulianzia mikononi. Babu alitetemeka, baadaye akashindwa kumeza, akafa. Baba akafuata njia hiyo hiyo kabla ya uzee. Na kwa kuwa baba alifanana na babu, mashangazi walikaa kitako wakaamua kwamba ugonjwa huenda na sura. Mtoto akizaliwa, walimfunua uso kabla hata ya kuuliza ni wa kike au wa kiume. Dada yake Fotokopi alimchukua mama yao kwa sura, wakashusha pumzi. Fotokopi walimpa pole angali kwenye nepi.

Na mashangazi wakishahukumu, utakata rufaa wapi? Dada aliolewa, akazaa watatu, na ndiye aliyemlisha baba kwa kijiko hadi siku ya mwisho. Fotokopi alipenda mara moja tu, mshonaji wa mapazia aliyekuwa akija kupima madirisha yeye akishaweka vioo. Alimwambia, "Mimi nimemchukua baba," akamwacha. Mwanamke alilia sana. Yeye alirudi karakanani kukata kioo cha bafu la mteja, na tangu hapo akaishi kama abiria aliyekalia mzigo wake kituoni. Hata chumbani kwake hakuweka pazia.

Alivuka hamsini, na bado mkono wake ulinyoosha mstari kwenye kioo bila kuyumba. Hospitali ilipoanza kupima ugonjwa ule kwa damu, akaingiwa na woga.

"Twende wote, kaka," dada alimwambia. "Na mimi watanitoa damu, usijione uko peke yako. Mimi nakusindikiza tu."

Siku ya majibu Fotokopi aliitwa kwanza. Daktari alikuwa binti wa umri wa kuwa mwanawe.

"Huna," akasema.

"Sina nini?"

"Ugonjwa. Hukuurithi."

"Lakini nimefanana naye."

"Sura na ugonjwa huu haviongozani, mzee. Mzazi akiwa na hiyo chembe ya urithi, kila mtoto wake ni nusu kwa nusu, aipate au aikose. Pua yako haihusiki kabisa."

Fotokopi aliitazama feni ya ukutani. Alitegemea angalau moyo uruke. Haukuruka. Hakusikia furaha, hakusikia hasira, alisikia njaa kidogo. Alishukuru kwa adabu, akauliza choo kiko wapi ingawa hakuwa na haja, akatoka.

Dada aliingia, akakawia. Aliporudi aliketi kando yake kwenye benchi, mkoba mapajani.

"Kumbe ninao mimi," akasema, kwa sauti ya mtu aliyesahau mwavuli. "Tena umeshaanza. Na mimi nikivunja vikombe nasema ni haraka zangu. Wewe je?"

"Mimi sina."

"Afadhali," akasema dada, na alimaanisha. Kisha akafikiri. "Basi ungemwoa yule mshonaji."

"Ndiyo."

Muuguzi alipita akisukuma kitanda kitupu, gurudumu moja likilia. Walikisindikiza kwa macho mpaka kikakata kona.

"Na wanangu?"

"Nusu kwa nusu. Kila mmoja."

"Hata yule aliyenichukua mimi?"

Fotokopi alimgeukia. Alitaka kumhurumia, akatafuta huruma ndani yake, akakuta ganzi tu.

"Hata yeye, dada. Sura haihusiki."

Dada alifungua mkoba, akaufunga bila kutoa kitu.

"Baba nilimlisha mimi. Mimi nitalishwa na nani?"

"Na mimi."

"Wewe?" Dada alicheka kidogo, kicheko cha kweli. "Wewe hata chai unaiunguza!"

"Nitajifunza," akasema. "Muda ninao."

Neno lilikuwa limeshamtoka, na kama angeweza angelimeza. Dada hakukasirika. Alinyoosha mkono amshike wake, akaukosa, akajaribu tena akaupata.