Sentimita Tano za Batuli

Mwanangu Batuli ni fundi cherehani hapa Kerege. Kibanda chake kiko upande wa pili wa barabara, ukishapita duka la mbao. Ana miaka ishirini na sita. Ukiuliza hapa magauni ya harusi yanashonwa wapi, utaelekezwa kwake, hata na watu wasiompenda.

Alipokuwa na miaka saba, baiskeli iliyobeba mkaa ilikatika breki pale mteremkoni ikamgonga. Mguu wa kushoto ulivunjika chini ya goti. Mfupa uliunga, lakini uliumia mahali ambapo mfupa wa mtoto hukulia, na tangu hapo mguu ule ukawa mvivu wa kukua. Alipokuwa mtu mzima, ulikuwa umeachwa na mwenzake kwa sentimita sita na nusu. Alizipima mwenyewe kwa futi kamba yake. Na mguu huo huo mfupi ndio anaokanyagia cherehani.

Alizoea. Mimi ndiye sikuzoea. Akitoka nyumbani namtazama mpaka apinde kona, kama vile macho yangu yatamshika asianguke.

Siku moja mama wa bibi harusi alikuja kumjaribisha binti yake gauni. Batuli akasimama kupima pindo, amelalia upande kama kawaida yake. Yule mama akasema mbele za watu, "Fundi mwenyewe kaenda upande, gauni la mwanangu litanyooka kweli?" Watu wakacheka. Batuli naye akacheka, pini mdomoni, akalipinda lile gauni likanyooka kama mstari wa daftari. Lakini aliporudi nyumbani hakugusa chakula. Wiki ile ile akaniambia, "Mama, kuna hospitali Dar wanarefusha mifupa."

Tulionana na Daktari Hieronimo, mtu wa bara, mpole, anayeongea taratibu. Alimtazama Batuli akitembea, kwenda na kurudi.

"Dada, unatembea, unafanya kazi, huumwi. Kiatu chenye soli nene kingekutosha. Operesheni hii kwako ni ya kupenda, si ya lazima. Nataka ulijue hilo kabla sijashika kisu."

"Nimelijua, daktari. Nataka."

"Basi ujue na la pili. Nitakupa sentimita tano. Sita na nusu sikupi."

"Kwani moja na nusu ni kitu gani, daktari? Si unakuwa umeshafika?"

"Mfupa haunisumbui," alisema. "Ukiukata na kuuachanisha polepole, unajijaza wenyewe. Shida ni vile vinavyopita pembeni yake, misuli na mishipa ya fahamu. Hivyo vinavutwa tu, na kuvuta kuna mwisho wake. Ukipita mwisho huo, unapata mguu mrefu usiokufaa kitu. Kwa mfupa huu, kwa mara moja, mpaka wangu ni tano."

Batuli alitikisa kichwa kukubali. Mimi nilimzaa, nikajua kichwa kimekubali na moyo bado.

Alipotoka chumba cha upasuaji mguu ulikuwa umezungukwa na vyuma vya duara, na nyaya nyembamba zimepita kwenye nyama mpaka kwenye mfupa. Nesi Tekla alitufundisha kusafisha matundu ya nyaya, na kunyoosha unyayo kwa kipande cha khanga ili kisigino kisipande. Wiki moja baadaye akatupa spana. Kila nati tuizungushe robo ya mzunguko, mara nne kwa siku. Robo nne ni milimita moja. Mfupa unaachana milimita moja kwa siku, basi.

Mimi niliishia darasa la nne, lakini sikuona ugumu wowote hapo. Nyumba yetu iko karibu na msikiti. Nikamwambia Batuli, "Saa za ukutani zinasimama, adhana haisimami. Tukiisikia, tunazungusha." Akaona ni akili. Mume wangu Mwinyijuma, anayefanya kazi ya shamba Makurunge na kurudi mwisho wa wiki, akanisifu kabisa. "Mwanamvua, hapo umepatia." Nikawa nasuka makuti yangu uani, adhana ikilia naacha ukuti, naosha mikono, namwita Batuli. Hatukukosa hata mara moja.

Siku ya ishirini na kitu nikaona jambo. Batuli alikuwa anavaa kandambili, ya kushoto ikawa inamponyoka. Akiivaa, inatoka. Nikamwambia anyanyue kidole gumba. Akanyanyua cha kulia.

"Cha kushoto, mwanangu."

"Ndicho ninachonyanyua, mama."

Kidole kilikuwa kimelala palepale. Nikakishika, nikakifinya. Akaniambia anasikia kama nimekishika kupitia blanketi.

Kesho yake asubuhi tulikuwa mbele ya Daktari Hieronimo, na ilikuwa siku ya ishirini na nne ya kuzungusha. Akapiga picha, akapima kwa rula, akapima tena.

"Hapa palitakiwa pawe milimita ishirini na nne. Naona thelathini. Mama, mnazungusha mara ngapi?"

"Mara nne, daktari, kama tulivyoambiwa."

"Saa ngapi na saa ngapi?"

"Tunafuata adhana. Hatukosei."

"Hebu nitajie."

"Alfajiri," nikasema, naye akakunja kidole. "Adhuhuri. Alasiri. Magharibi. Isha." Vidole vikaisha mkononi, akabaki ameinua ngumi, ananitazama.

Nesi Tekla akajifunika mdomo. "Mama, mimi ni Mkristo na najua ni tano!"

Nilitaka ardhi ipasuke. Maisha yangu yote naswali swala tano, na spana nilipoishika nikaziita nne. Batuli alinishika mkono akasema, "Tulikuwa wawili, mama. Na mimi nilikuwepo." Daktari hakufoka. Alisema kosa ni lake pia, angetuandikia saa. Akaamuru tusizungushe kitu wiki nzima, kisha tuendelee mara tatu tu kwa siku, na Tekla akaandika saa zenyewe kwa kalamu nyekundu. Nikauliza kama kidole kitaamka. Akajibu, "Mara nyingi huamka, ukikiwahi. Mmekiwahi."

Wiki ile nilikaa na ule mguu kama mtu anayelinda mpunga na ndege. Siku ya sita, nikiwa nanyoosha unyayo kwa khanga, kidole gumba kikanyanyuka kidogo sana, kama mtu anayeitikia salamu bila kutaka. Nilipiga kigelegele peke yangu uani.

Tukaendelea polepole. Ilipokaribia tano, jirani yetu Clara, mwalimu wa shule ya msingi na rafiki wa Batuli, akaja na simu.

"Shikamoo mama. Batu, njoo uone. Huyu kaongeza sentimita kumi na tano, miguu yote miwili, urefu tu! Anacheza mpaka muziki. Wewe unanyimwa moja na nusu?"

"Marahaba, mwalimu," nikasema. "Umeonyeshwa anavyocheza. Umeonyeshwa anavyolala?"

"Mama, dunia imeendelea."

"Imeendelea, ndiyo. Na mguu ni wa mwanangu."

Wakacheka wote wawili. Lakini Batuli aliiomba ile video, akaiangalia tena na tena.

Mzunguko wa mwisho ulikuwa Jumapili jioni. Daktari alitaka atuone baada ya wiki mbili, na spana tulibaki nayo, ya kukazia nati za nje zikilegea. Hapo ndipo nilipoanza kuogopa. Hakuna daktari nyumbani, hakuna nesi. Kuna Batuli na chuma chake. Jumatatu asubuhi nikaichukua ile spana nikaichomeka katikati ya mzigo wa makuti.

Haikupita hata saa moja.

"Mama, spana iko wapi?"

"Ya nini? Jana si tumemaliza?"

"Nauliza tu iko wapi."

"Batuli, unataka kuendelea."

"Nataka. Sitakudanganya. Wiki mbili, mara nne kwa siku, ni milimita kumi na nne. Inabaki moja. Nimeshapiga hesabu tangu Ijumaa."

"Na mguu ukilala?"

"Ulilala, ukaamka."

"Uliamka kwa sababu tuliuacha! Ukilala tena, cherehani utaikanyagia nini? Ulimi?"

Mwinyijuma alikuwa bado hajaondoka kwenda Makurunge. Akasema kutoka barazani, "Mwanamvua, mpe mtoto kitu chake."

"Wewe nyamaza. Huujui mguu huu kama mimi."

"Siujui. Lakini ana miaka ishirini na sita. Spana zinauzwa dukani. Utazificha zote?"

Nilimkasirikia kwa sababu alisema kweli. Nikaitoa spana, nikampa Batuli. Akaiweka juu ya meza ya cherehani, kando ya mkasi, mbele ya macho ya kila mtu.

Sikumuuliza tena, ila nilitazama. Kila nilipopita nilitazama imelala vipi, kichwa kimeelekea wapi. Siku tatu ilielekea dirishani. Siku ya nne nikaikuta imeelekea ukutani. Batuli alikuwa amekaa pale, uso mkavu. Nikataka kuuliza, nikaogopa jibu. Nikarudi kwenye makuti yangu, nikasuka vibaya, nikafumua, nikasuka tena. Hivyo ndivyo zilivyokwisha zile wiki mbili.

Hospitali wakapiga picha. Daktari Hieronimo akaiweka kwenye taa, akachukua rula. Nilisimama nyuma yake nikisoma kimoyomoyo kila sura ninayoijua. Akapima. Akapima tena, kama siku ile ya aibu yangu.

"Hamsini," akasema. "Milimita hamsini kamili. Nyanyua vidole."

Vikanyanyuka vyote vitano.

Kwenye korido nikamshika Batuli begani. "Siku ya nne spana iligeuka. Niliiona."

"Najua uliiona. Nilikuona unaiona." Akacheka. "Niliichukua, mama. Niliifikisha mpaka kwenye nati. Halafu nikasema, kabla sijazungusha niufanyie mtihani huu mguu. Nikauweka kwenye kanyagio la cherehani, bila uzi, bila kitambaa. Ukasukuma. Gurudumu likazunguka mara sita, saba, mguu ukachoka, lakini ulisukuma. Nikakaa nikilitazama lile gurudumu mpaka likasimama. Nikajiuliza, hii moja na nusu ninayoitaka, itanishonea nini? Nikairudisha spana mezani."

"Mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa umekasirika na makuti."

Tulipokuwa tunasubiri dawa, Daktari Hieronimo akatokea akimsukuma mwenyewe mgonjwa kwenye kiti cha magurudumu. Alikuwa kijana wa kiume aliyevaa shati la ofisini, vyuma miguu yote miwili. Huyu hakuwa na mguu mfupi. Alitaka urefu tu, aliona wenzake wanamtazama kutoka juu. Daktari akasema, "Muhammad, wewe kila siku unaniuliza kwa nini usiongeze. Mimi umeshanichoka. Muulize huyu dada." Akaondoka zake.

Yule kijana aliona aibu kidogo. "Umeongeza ngapi?"

"Tano," Batuli akasema.

"Ulitaka ngapi?"

"Sita na nusu."

"Na spana walikuachia?"

"Wiki mbili nzima. Ilikuwa mezani kwangu."

Akamtazama kama mtu asiyeamini. "Na hukuzungusha? Huoni uchungu?"

"Naona. Moja na nusu inaniuma mpaka leo. Ila tazama." Akanyanyua vidole, akavishusha, akavinyanyua tena. "Hivi vililala mwezi uliopita, kwa milimita sita tu za haraka. Hebu na wewe nyanyua vyako."

Yule kijana akainamia miguu yake. Vya kulia vikanyanyuka. Vya kushoto vilichelewa, vikafika nusu ya njia. Akajaribu tena, na uso wake ukabadilika.

"Umemwambia daktari?" Batuli akauliza.

"Nilidhani ni kuchoka."

"Si kuchoka, kaka yangu. Mwambie leo, kabla hujatoka hapa." Naye mwenyewe akachukua magongo yake, akaanza kuelekea mlango wa daktari kumwita, mguu mmoja na vyuma vyake, bega la kushoto likishuka kidogo kila hatua.

Mwanamke aliyekaa karibu nami kwenye benchi akaniuliza, "Yule ni nesi?"

"Ni fundi cherehani," nikamjibu. "Ni binti yangu."